Kuteketeza Kuna Fomu

Tulimwita Mama Sweta kwa sababu alivaa sweta, basi. Mwezi wa joto kali, wenzake wanatembea na leso za kujifutia jasho, yeye anapita uani amefunga vifungo mpaka kooni, sweta la sufu la kahawia lenye viraka viwikoni. Wageni walidhani ana homa. Sisi tuliomzoea tulijua ama anatoka chumba cha baridi ama anaingia, na hapo katikati haoni sababu ya kujisumbua kulivua.

Mimi ni dereva wa gari la jokofu la stoo ya chanjo ya kanda, na yeye ndiye mtunza stoo. Ukikaa na mtu kwenye gari moja miaka kumi na sita unamjua kuliko ndugu zake wanavyomjua. Najua aliweka penseli nyuma ya sikio la kushoto kwa sababu la kulia ndilo lililosikia vizuri, alilihifadhi kwa ajili ya simu. Najua kila siku, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, alisoma kipimajoto na kuandika kwenye daftari, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa sababu chanjo ikizidi nyuzi nane inaharibika na ikishuka chini ya mbili inaharibika vilevile. Siku ya harusi ya mpwa wake alitoka ukumbini kabla ya chakula, akaniamuru nimpeleke stoo na nguo zake za sherehe, akalivaa sweta juu ya nguo hizo, akasoma, akaandika nne na nusu, tukarudi harusini. Shemeji zake walipomuuliza alikuwa wapi alisema alikwenda kuwaangalia watoto. Watoto wenyewe hakuwa nao, alikuwa na zile chanjo.

Alikuwa pia na mdogo wake wa kike wa tumbo moja, waliishi nyumba moja. Huyo alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume hospitali kuu, mcheshi hata kwa wagonjwa mahututi. Mimi aliniita shemeji kila nilipopita kumchukua dada yake asubuhi, ingawa sikuwa nimeoa kwao. Nikimjibu kwamba mke wangu atamsikia, alisema mwambie aje tugawane.

Kisha ule ugonjwa ukaja, mnaujua, sina haja ya kuutaja jina. Chanjo ilipopatikana, nchi zilizoitengeneza zilijiwekea kwanza. Zikajiwekea dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akiba, kisha akiba ya akiba. Sisi tuliambiwa tutulie, mkataba umeshatiwa saini, mzigo unakuja. Nakala ya mkataba ikaletwa stoo kwa bahasha kubwa yenye maneno "kwa utekelezaji".

Mama Sweta aliifungua juu ya meza, mimi nikiwa nakunywa chai. Kurasa arobaini na moja. Akasoma kidogo, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena.

"Dereva, hebu nisomee hapa. Labda macho yangu."

Nikasogea. Imeandikwa: Muuzaji atamletea Mnunuzi dozi, kisha wino mweusi, ifikapo tarehe, wino mweusi, katika makasha yenye upana wa, wino mweusi. Kifungu cha kumi na nne kilikuwa cheusi chote kuanzia juu mpaka chini, kama sufuria iliyoungulia.

"Mama, hapa ni wino."

"Na hapa?"

"Hapo pia ni wino."

Akachukua simu akampigia afisa wa mikataba wizarani. Aliiweka kwa sauti kubwa, kwa hiyo niliyasikia yote, na mpaka leo nikiyakumbuka mori unanipanda.

"Nataka kujua dozi ngapi zinakuja, nipange nafasi," akasema Mama Sweta.

"Mama, hiyo ni siri ya mkataba."

"Siri kwa nani? Mimi ndiye nitakayezipokea."

"Hata kwa wapokeaji, mama. Muuzaji ameweka sharti."

"Haya. Zinakuja lini?"

"Tarehe nayo ni siri."

"Upana wa kasha je? Angalau nipime rafu."

"Mama, wewe jiandae tu."

"Nijiandae kwa nini, mwanangu?"

"Kwa mzigo."

Alikata simu akabaki anaitazama. Wiki iliyofuata alipiga tena, na iliyofuata. Alipigwa danadana kutoka afisa wa mikataba kwenda kwa mwanasheria, kutoka kwa mwanasheria kwenda kwa katibu, kutoka kwa katibu kurudi kwa afisa wa mikataba, ambaye sasa alikuwa kwenye semina. Alipiga simu kumi na nne kwa miezi mitatu, nami najua idadi kwa sababu aliziandika nyuma ya daftari la kipimajoto.

Nyumbani nako mdogo wake alikuwa na swali lake, na swali hilo ndilo kiini cha haya yote. Alikuwa na likizo ya mwaka, siku ishirini na nane, hajaigusa. Wodi ilikuwa imejaa wagonjwa na wenzake wawili walikuwa wameshazikwa. Mpango wake ulikuwa mwepesi: achukue likizo mwezi wa mwisho kabla chanjo haijafika, akae ndani, achanjwe, arudi kazini. Asubuhi moja, mimi nikisubiri nje ya mlango injini inanguruma, nilimsikia akiuliza.

"Dada, nichukue likizo sasa au ningoje?"

"Usiimalize bure," akajibu Mama Sweta. "Hawaniambii kitu. Zinaweza kuja baada ya miezi sita, ukaimaliza likizo sasa halafu ukarudi wodini mikono mitupu. Ngoja nipate tarehe."

Akangoja. Akaugua, akalazwa katika hospitali ileile aliyoifanyia kazi, siku ya tisa akafariki. Mzigo ulitua siku kumi na moja baada ya mazishi.

Ulitua Ijumaa mchana bila taarifa. Malori mawili yalisimama langoni, dozi elfu tisini, na makasha yalizidi upana wa rafu zetu kwa vidole viwili. Mama Sweta, na msiba wake ungali mbichi, alihamisha chanjo za watoto kwenye majokofu ya zahanati saba, mimi nikiendesha mpaka giza likaingia, ili tu apate pa kuyaweka. Kisha tukafungua makasha na kusoma muda wa matumizi: zimebaki siku ishirini na mbili. Dozi hizo zilikuwa zimekaa miezi kwenye akiba ya nchi nyingine, na nchi hiyo ilipoona imejaza kupita kiasi, muuzaji akatutimizia sisi kwa masalio hayo. Sindano hazikuja nazo. Zilikuja siku ya tisa.

Tulikimbia kama vichaa. Tulipeleka dozi viwandani, shuleni, magerezani, na bado siku ya mwisho ilipofika zilikuwa zimebaki elfu sita. Mama Sweta alijaza Fomu Namba Kumi na Saba, ya kuteketeza dawa zilizoisha muda, na akatia saini mahali penye "mhusika". Katika magazeti ikatoka kwamba stoo yetu imezembea, na mkurugenzi wetu, ambaye hakuwahi kuonekana kwenye malori yale hata siku moja, alisema mbele ya waandishi kwamba hatua zitachukuliwa.

Sasa sikilizeni. Tanuri letu la kuchomea taka za hospitali lilikuwa limekufa tangu mwaka juzi. Tanuri zima lililokuwa karibu lilikuwa ng'ambo ya mpaka, kilomita sitini, kwenye uga wa stoo ya chanjo ya nchi ya pili. Mtunza stoo wa kule tulimwita Jirani. Yeye na Mama Sweta walikuwa wakiazimana pakiti za barafu kwa miaka kumi na mbili, na walikuwa na daftari la shule la kuandikia: umechukua ishirini, umerudisha kumi na tisa, moja imepasuka. Wakubwa wa nchi zote mbili hawakujua kama daftari hilo lipo. Kwao ushirikiano ulikuwa wa hotelini, wenye bendera mezani.

Basi tukabeba dozi elfu sita zilizokufa tukazipeleka zikachomwe kwa Jirani, ambaye nchi yake ilikuwa haijapata hata dozi moja. Mkataba wao ulikuwa umetiwa saini siku moja na wetu, lakini kiwanda cha mzigo wao kilikuwa kwenye nchi iliyofunga usafirishaji, ikasema watu wake kwanza. Jirani alifungua tanuri mwenyewe. Wauguzi wake walitoka wakajipanga ukutani kutazama, na mmoja wao, binti yake wa kumzaa, akauliza kwa sauti.

"Baba, hizo ziliharibika lini?"

"Juzi."

"Na kabla ya juzi sisi tulikuwa wapi?"

"Hapahapa, mwanangu."

Nilipakua makasha huku natamani ardhi inimeze. Mama Sweta alisimama kwenye joto la tanuri na sweta lake.

Kuchoma kulichukua saa nne, na ilibidi tusubiri cheti. Ndipo Jirani akaleta nakala ya mkataba wao, maana naye aliletewa "kwa utekelezaji". Muuzaji ni yuleyule, mkataba ni uleule, kimebadilika jina la mnunuzi tu. Na nakala yake nayo ilikuwa na wino. Wakaziweka nakala mbili bega kwa bega juu ya boneti ya gari langu, na wote wawili wakaona kitu kilekile kwa wakati mmoja.

"Dada," akasema Jirani, "karani wenu na karani wetu hawakuongea."

Kila wizara ilikuwa na mtu wake wa kupaka wino, na kila mtu alipaka alichoona ni cha siri. Wa kwao alifuta bei za dozi na majina ya wakubwa, tarehe na idadi akaziacha. Wa kwetu alifuta tarehe, na idadi za dozi, na kifungu cha kumi na nne chote. Jedwali la ratiba mwishoni mwa mkataba lilikuwa na nchi zote mbili. Kwetu lilikuwa jeusi. Kwa Jirani lilisomeka safi.

Jirani akaweka kidole. "Nchi yenu, mzigo wa kwanza, tarehe kumi na nane mwezi wa tisa."

Ndiyo siku ileile malori yalipokuja.

"Hii imeandikwa lini?" akauliza Mama Sweta.

Jirani akafunua ukurasa wa saini. "Mwezi wa tano."

Miezi minne tarehe ilikuwepo, imepigwa chapa, imekaa kwenye droo ya mtu. Mama Sweta alichukua penseli nyuma ya sikio, akaandika tarehe ile kiganjani, kama vile asipoiandika mahali itafutwa tena. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikajifanya naangalia magurudumu.

Nilipotulia nikarudi, Jirani alikuwa anasoma kifungu cha kumi na nne kwa sauti. Mnunuzi haruhusiwi kuuza, kuazima wala kugawa dozi nje ya mipaka yake bila idhini ya Muuzaji. Hapo nilitaka kutema mate. Lakini kulikuwa na mstari wa mwisho: Muuzaji asipojibu ombi la Mnunuzi ndani ya siku kumi za kazi, idhini itahesabika imetolewa.

"Rudia hapo," akasema Mama Sweta.

Jirani akarudia. Mama Sweta akanakili mstari mzima kwenye daftari la barafu.

Mzigo wa pili ulitujia baada ya miezi miwili, na watu walikuwa wamepungua. Magazeti yaleyale yaliyotuita wazembe yalikuwa yamewatisha wananchi kwamba tunaletewa chanjo zinazokaribia kuoza, na nani angewalaumu. Zikabaki dozi elfu kumi, siku ishirini na nne za uhai, na vituo vyetu havikupata watu zaidi ya mia moja kwa siku. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Wakati huohuo Jirani alikuwa na sifuri, na binti yake alikuwa zamu ya wodi.

Mama Sweta aliandika barua kwa muuzaji kuomba idhini ya kumgawia jirani. Mkurugenzi akatia saini bila ugomvi. "Barua haina madhara," akasema. "Hawa watu hawajibu kamwe."

Hapo ndipo nilipomwona Mama Sweta akigeuka. Mtu huyu alikuwa amekula chumvi nyingi akizilaani ofisi zisizojibu barua, na sasa kila asubuhi aliniuliza kwa hofu, "Hawajajibu?" Nikisema bado, alishusha pumzi. Siku ya nne simu ya kimataifa ikaita, akaruka kwenye kiti, kumbe ni mtu anatafuta duka la matairi. Siku ya kumi ya kazi tulikaa ofisini mpaka saa ya kufunga, tukitazama mashine ya barua pepe kama wagonjwa wanaosubiri majibu ya vipimo. Hakuna kilichoingia. Akapiga meza kwa furaha, akafungua kifungo kimoja cha sweta.

Kesho yake nilimpeleka kwa mkurugenzi. Niliingia naye kwa sababu nilikuwa nimebeba makabrasha.

"Bosi, idhini tunayo," akasema, akamsomea ule mstari kutoka kwenye daftari la barafu.

"Umeutoa wapi?"

"Kifungu cha kumi na nne."

Mkurugenzi akatoa nakala yetu, akafunua, akamwonyesha ukurasa mweusi. "Kifungu hiki kwetu kimefutwa. Siwezi kutumia kifungu ambacho siruhusiwi kukisoma."

"Lakini kipo chini ya wino, bosi."

"Chini ya wino hakipo."

Mama Sweta akafunga daftari. "Zimebaki siku tisa. Watu wetu hawaji. Kilomita sitini kuna wauguzi wanakufa."

"Nami nitasema nini? Kwamba nimegawa chanjo za wananchi? Wewe unajua magazeti." Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi zaidi. "Tuliwapigia kelele mataifa makubwa kwa kujilimbikizia, ni kweli. Lakini haya ni mambo mengine. Halafu, mama, tuseme nakubali. Nitie saini wapi? Kuteketeza kuna fomu. Kugawa hakuna fomu."

Nilitegemea atalipuka. Nilikuwa tayari kumshika mkono. Badala yake akasema, "Asante, bosi," akatoka. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara karibu na stoo akanigeukia.

"Dereva, ile kanuni ya siku saba unaikumbuka?"

Naikumbuka. Dawa ikibakiza siku saba, inaondolewa rafuni na kuhesabika imeisha, ingawa ndani ya kichupa ni nzima. Inajaziwa Fomu Namba Kumi na Saba na kupelekwa kuteketezwa.

"Na tanuri letu limetengenezwa?"

"Bado limekufa, mama."

"Vizuri," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiyafurahia matengenezo yaliyoshindikana.

Siku mbili baadaye, zikibaki siku saba kamili, alipeleka Fomu Namba Kumi na Saba. Aina ya dawa, idadi, sababu. Mahali pa kuteketezea: tanuri la stoo jirani, kama ilivyokuwa awali. Mkurugenzi aliitia saini akiwa anaongea na simu, hata hakuinua macho. Kibali cha kuvuka mpaka kikatoka nayo palepale. Dozi nzima isingevuka hata kwa maombi, ila taka ilivuka kwa muhuri mmoja.

Tulipotoka tu, kabla hata sijawasha gari, alimpigia Jirani. Nayakumbuka maneno yake yote.

"Chukua kalamu uandike. Dozi elfu nane na mia nne. Makasha themanini na manne, upana sentimita ishirini na mbili, pima rafu zako. Sindano ninazo, nakuletea. Kesho Ijumaa, saa nne asubuhi. Umeandika saa nne?" Akashusha sauti. "Na mwanao mwondoe wodini leo. Apewe ruhusa, aombe likizo, aseme anaumwa jino, sijali. Asikanyage wodi mpaka achanjwe na kinga imshike. Tarehe umeipata, usiseme hukuipata."

Kesho yake mpakani afisa wa forodha aligonga mlango wa nyuma.

"Mmebeba nini?"

"Taka za kuteketeza," nikasema, nikampa fomu.

Akasoma, akaweka kiganja kwenye bati. "Mbona taka zinapigwa baridi?"

Mama Sweta akachungulia dirishani, sweta mpaka kooni, saa tatu na nusu jua linawaka. "Zikipata joto zinanuka, afande. Nikuachie moja unuse?"

Afisa akagonga muhuri haraka, akaturuhusu.

Saa nne kasoro dakika mbili tuliingia uga wa Jirani. Meza zilikuwa tayari, orodha tayari, wauguzi wamekunja mikono ya sare zao. Hakuna aliyeshangilia, walikuwa na kazi. Binti wa Jirani alikuwa wa kumi na tatu kwenye foleni, na aliposogea, Mama Sweta aliomba kumshikia mkono, ingawa msichana hakuwa mwoga wa sindano hata kidogo. Kwa siku sita walichanja mpaka dozi ya mwisho, na siku ya saba Jirani akachoma vichupa vitupu.

Aliturudishia fomu. Jirani ni mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa karatasi, na mahali penye "njia iliyotumika" alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: DOZI ZOTE ZIMECHANJWA WATU, WAUGUZI KWANZA. VICHUPA VITUPU 840 VIMECHOMWA TANURINI. Mama Sweta alisoma, akaniuliza nadhani afanye nini. Nikamwambia aichane. Akasema hachani karatasi ya serikali, akaipeleka wizarani kama ilivyo, na sweta jipya akanunua, nadhani kwa ajili ya jela.

Tulingoja. Mwezi ukapita. Barua ilipokuja alinipa mimi niifungue. Ndani kulikuwa na cheti chenye nembo ya dhahabu: stoo yetu imetunukiwa kwa kuwa ya kwanza nchini kuteketeza dozi zote kwa wakati, bila kubakiza. Aliyetia saini ni mkurugenzi. Palikuwa na mwaliko wa semina, Mama Sweta aende akawaeleze wenzake kutoka nchi saba siri ya mafanikio hayo.

"Hawakuisoma," nikasema. "Ameandika kwa herufi kubwa, na hawakuisoma."

"Siri," akasema Mama Sweta. "Wananiuliza mimi siri." Alikiweka cheti chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na semina hakwenda. Barua ya muuzaji nayo ilifika wiki hiyohiyo, siku ya hamsini na mbili. Walikuwa wanaomba tuwatajie idadi ya dozi.

Tangu hapo kuna ubao langoni pa stoo yetu, ule wa shule, aliununua mwenyewe. Kila mzigo unaotarajiwa anauandika kwa chaki: ni nini, ni dozi ngapi, unafika tarehe ngapi. Tarehe na idadi anazipata kwa Jirani, kwa simu. Wauguzi wakipita kwenda kazini wanasimama wanasoma, wengine wananakili. Wizara ilimwandikia mara tatu afute, na mara tatu aliiweka barua kwenye faili ya barua zilizopokelewa.

Mwishowe afisa wa mikataba alipiga simu mwenyewe. Nilikuwa nakunywa chai, na simu ilikuwa kwa sauti kubwa.

"Mama, tarehe za mkataba ni siri. Nani amekuruhusu kuziandika barabarani?"

"Mdogo wangu," akasema Mama Sweta.

"Yuko idara gani?"

Akakata simu. Ilikuwa saa kumi, akaenda kusoma kipimajoto.